Tizama Mwezi Kwanza: Namna ya Kuisoma Pwani na Darasa Zima

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomesha jiografia niliwachukua wanafunzi 43 kwenda pwani ya mashariki ya Unguja. Barua ya ruhusa ninayo, gari ya kukodi ninayo, sufuria mbili za wali wa nazi zimo nyuma ya gari, na ratiba nimeiandika kwa kalamu ya rangi mbili. Saa 4 asubuhi tukateremka. Bahari ilikuwa imejaa pomoni, inapiga kwenye mashina ya minazi. Mwamba hatukuuona, mashamba ya mwani hatukuyaona. Tuliona maji tu. Bibi mmoja aliyekuwa barazani anasuka ukili akatukagua sote, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hukutizama mwezi?"

Sikuutizama. Nilikuwa nimetizama kalenda ya skuli.

Tukala wali, tukasubiri. Maji yalipokuja kupwa ilikuwa jioni, tena yalikuwa maji mafu: yalirudi nyuma hatua chache, yakasimama, na dereva akaanza kupiga honi. Tangu siku hiyo nimekwenda na darasa pwani zaidi ya mara 20, na mambo ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyojifunza. Mimi nasomesha Unguja, lakini mwenye kukaa Tanga, Mombasa au Kilwa anaweza kuyafuata vilevile, ilimradi ahakikishe saa za maji ya kwake. Mzazi mwenye watoto wawili na kamba anaweza pia. Safari moja ikipangwa vizuri hukupa sura ya nchi, tabianchi, maji ya ardhini, kilimo, idadi ya watu na usomaji wa ramani, yote kwenye kipande cha pwani cha nusu kilomita.

Kuchagua siku

Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayoning'inia karibu kila nyumba. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, liko karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na mara nyingi hufikia ukubwa wake siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo tarehe 1 hadi 3 za mwezi, na 15 hadi 17, ndizo siku zako. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu; kaa skuli usomeshe ramani.

Sasa saa. Kwetu Unguja, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa 10, alasiri na usiku, na hukupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Wape wanafunzi hesabu hii wafanye wenyewe: toa moja kwenye tarehe ya mwezi, zidisha kwa 50, jumlisha na saa 10. Tarehe 8 ya mwezi: 7 mara 50 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Ukianza saa 10 alasiri unafika saa 3 na dakika 50 usiku, maji yamejaa. Na kwa kuwa kati ya kujaa kumoja na kwingine kunapita saa 12 na dakika 25 hivi, maji ya asubuhi ya siku hiyo yalijaa kiasi cha saa 3 na dakika 25. Ndiyo maana saa 4 yangu ya mwaka ule ilinikuta na bahari mlangoni.

Hesabu hiyo ni ya wastani. Siku za bamvua uchelewaji ni mdogo kuliko dakika 50, siku za maji mafu ni mkubwa zaidi, kwa hiyo unaweza kukosea kwa saa nzima. Baada ya kuifanya, ilinganishe na jedwali la maji kupwa na kujaa, au muulize mvuvi. Mimi huwaambia wanafunzi waandike majibu yote matatu: la hesabu, la jedwali na la mvuvi. Mvuvi hushinda mara nyingi kuliko wanavyotarajia.

Ukiweza kuchagua mwezi wa mwaka, chagua Machi au Septemba. Jua likiwa juu ya Ikweta, mabamvua huwa makubwa kuliko ya miezi mingine, na utautembea mwamba ambao siku nyingine huwaoni ila wachokoa pweza wakiufikia.

Somo la uwanjani kabla ya safari

Usiende pwani na watoto ambao bado wanadhani mwezi "unavuta maji" basi. Wakidhani hivyo watakwama kwenye swali la kwanza la mwenye akili darasani: kama mwezi unavuta, mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku na mwezi unapita juu mara moja?

Mimi hutumia wanafunzi watatu na kanga moja. Wa kwanza ni dunia; anasimama katikati. Kanga ninamzungushia kiunoni kwa ulegevu, nikiivuta ichomoze mbele na nyuma. Hiyo ndiyo bahari: upande unaoelekea mwezi maji yamevutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na upande wa nyuma dunia imevutwa zaidi kuliko maji, maji yakabaki nyuma. Vimo viwili basi, na mtu aliyesimama ufuoni anavipitia vyote viwili dunia inapojizungusha. Wa pili ni mwezi, anatembea polepole kumzunguka wa kwanza. Dunia ikimaliza mzunguko mmoja inakuta mwezi ushasogea mbele kidogo, ikabidi izunguke kidogo zaidi ndipo iufikie. "Kidogo zaidi" hicho ndicho dakika 50. Kila mwaka yuko mtoto mmoja anayepiga kelele akiona hapo, na mimi humngoja kelele yake kama ninavyongoja adhana.

Wa tatu ni jua, mbali kwenye kona ya uwanja. Nguvu yake juu ya maji ni chini ya nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu jua ni kubwa lakini liko mbali mno. Mwezi na jua vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia vinasaidiana: bamvua. Vikikaa pembe mraba kila mmoja anamharibia mwenziwe: maji mafu. Waache wanafunzi wenyewe waseme mwezi huonekana vipi kila hali. Watoto wa pwani hili wanalijua tangu hawajajua kusoma. Mtihani unawaletea jina jipya tu la kitu cha kwao, na wengi hawatambui kwamba ni kilekile. Kila ninapofundisha huandika ubaoni bamvua na maji mafu kwanza, jina la mtihani baadaye.

Kupima mteremko wa pwani

Kazi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo walimu wengi huikimbia kwa kudhani inataka vyombo vya ghali. Unahitaji kamba ya mita 50 iliyofungwa fundo kila mita 10, miti miwili iliyonyooka kiasi cha urefu wa mtu, rangi, rula, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi wa kujenga hutumia kusawazishia msingi. Mpira uwe kama mita 12.

Tia alama kwenye miti kila sentimita, na namba kila sentimita 10, ukianzia chini. Jaza mpira maji. Tizama sana viputo vya hewa: kiputo kimoja katikati ya mpira kinatosha kukuharibia asubuhi nzima, nasi kimetuharibia zaidi ya mara moja. Uinamishe, ugongegonge kwa kidole mpaka vitoke.

Anzia juu, pale yanapokoma majani ya ufuoni na takataka za maji makuu: makumbi, vijiti, vipande vya mwani, ndara moja isiyo na mwenziwe. Mwanafunzi A anasimamisha mti wake hapo, B anakwenda mita 10 kuelekea baharini. Ncha mbili za mpira zinashikwa kila moja kwenye mti wake. Maji ndani ya mpira yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, liwe shimo au kilima katikati. A anasoma, tuseme, 120. B anasoma 151. Basi ardhi imeteremka sentimita 31 katika mita 10. Andika. A anahamia pale alipo B, B anasonga mbele mita 10 nyingine. Mkiendelea hivyo mpaka kwenye maji mtakuwa na mstari mzima wa pwani yenu.

Darasani mtauchora. Kwenda mbele, sentimita 1 iwe mita 10. Kwenda juu, sentimita 1 iwe sentimita 50. Hapo waulize: mchoro huu umekuza mwinuko mara ngapi kuliko umbali? Jibu ni 20. Nusu ya darasa itashangaa kwamba mlima waliouchora kwenye karatasi ni mchanga waliotembea juu yake bila kuhisi. Wakilielewa hilo, hawatadanganyika tena na mchoro wa Bonde la Ufa wenye kuta zilizosimama wima kama ukuta wa msikiti.

Wakati huohuo kundi jingine linafuata ukingo wa maji. Kila nusu saa wanachomeka kijiti maji yalipofika na kuandika saa. Kwa kuwa mteremko mshaupima, kila kijiti mnaweza kukigeuza kuwa kimo: maji yameshuka sentimita ngapi. Mtakuta hayashuki kwa mwendo mmoja. Ukigawa kushuka kote mafungu 12, saa ya kwanza huchukua fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yanaanza kwa kusitasita, yanakimbia katikati, yanachoka mwisho. Mkikuta ndani ya mwamba hesabu haikai sawasawa, msifute. Maji yaliyoko ndani yanatokea mlangoni, kwenye pengo la mwamba, yanabanana kama watu kwenye mlango wa uwanja wa mpira, kwa hiyo huchelewa. Andikeni hivyo hivyo. Sababu hiyo ina alama nyingi kuliko mchoro uliopakwa rangi.

Juu ya mstari uleule wa kamba, andikeni kinachoishi kila fundo: mchanga mkavu na matundu ya kaa, kisha mchanga wa maji, kisha majani ya bahari, kisha mawe ya matumbawe, kisha mwamba wenyewe unaovunja mawimbi. Mwamba huo ndio sababu ndani kumetulia kama bakuli.

Mambo mawili ya usalama. Viatu, kila mtu, hata anayejisifu kwamba nyayo zake ni ngumu. Na maji yakisimama kupwa, geukeni. Msingoje yaanze kurudi, kwa sababu kati ya mwamba na ufuo kuna sehemu za chini kuliko mwamba wenyewe: maji huingia huko kwanza, na wewe uko nje bado unatizama pweza.

Kisima kinachopumua

Kama kijiji kina kisima cha zamani kisichokuwa mbali na ufuo, ombeni ruhusa mkipime. Fungeni jiwe kwenye kamba, mteremshe mpaka liguse maji, pimeni urefu, kila saa moja, tangu mfike mpaka muondoke. Kwenye pwani ya mawe ya matumbawe maji ya kisima hupanda na kushuka kufuata bahari, kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo zaidi. Maji matamu ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, mepesi juu ya mazito, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, ila hapa mpaka wake si mkali kama wa mafuta. Bahari ikiinuka inayasukuma yote. Ukivuta maji matamu kupita kiasi, ya chumvi yanapanda kuziba nafasi.

Mara ya kwanza tulipofanya hivi kijana mmoja aliyekuwa hasemi darasani ndiye aliyeshika kamba. Vipimo vinne vya kwanza alivitaja kwa sauti ya kulazimishwa. Kipimo cha tano kilipopungua aliita kabla sijamfikia. Akarudia kupima mara tatu kwa kutoniamini mimi wala kamba.

Hapo ndipo jiografia ya watu inaingia mlangoni bila kugonga. Kijiji kikiongezeka, nyumba za wageni zikiongezeka, pampu zikiongezeka, waulizeni wazee kisima hiki maji yake yalikuwa na ladha gani zamani, na sasa nani anakunywa na nani anaogea tu. Usiwaambie wanafunzi jibu kabla. Vijiji havifanani.

Upepo

Hapa kosa ni moja na linarudi kila mwaka: mwanafunzi anaandika kwamba kusi inavuma kwenda kusini. Upepo unaitwa kwa unakotoka. Mkondo wa bahari unaitwa kwa unakokwenda. Waandike hivyo kwenye jalada la daftari.

Kupima ni rahisi: utepe wa mfuko mwepesi kwenye ncha ya mti, dira, na mtu wa kusimama nao saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Dira ya simu inafaa, mbali na bati na gari. Mkipata alfajiri mtaweza kuhisi umande, yaani upepo mwepesi, ukitoka nchi kavu, kabla ardhi haijapata moto na upepo wa bahari haujageuka.

Kaskazi huvuma Disemba mpaka Machi kutoka kaskazini-mashariki. Bara la Asia limepoa, hewa yake ni nzito, inateremka kuelekea kusini kwenye joto. Katikati ya mwaka Asia inawaka, hewa inapanda, na kusi inavutwa kutoka upande wetu. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo wa kusini mwa Ikweta unapindia kushoto, ndiyo maana kusi inatufikia kutoka kusini-mashariki. Ukishavuka Ikweta unapindia kulia, ukaelekea India. Kwenye ramani ya Bahari ya Hindi waache wauchore kwa mshale mmoja usiokatika. Wakimaliza, waulize majahazi ya Oman na Gujarati yalifikaje hapa na yalirudije bila injini. Yalikuja na kaskazi, yakaondoka na kusi. Waliokosa upepo walikaa mpaka msimu ujao, na mtu akikaa miezi mingi bandarini anaoa, anajenga, anajifunza lugha. Hivyo ndivyo mshale wa upepo unavyogeuka kuwa ukoo.

Mkiweza, rudini kupima mteremko uleule mara ya pili, mara moja Julai na mara moja Januari. Kusi inasukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi inaurudisha. Mwenye kuona ufuo wake umeliwa Agosti na akajenga ukuta kwa hofu, Februari huenda mchanga ungerudi wenyewe. Lakini ukuta ukishakuwapo, mawimbi yanaupiga na kuchota mchanga wa mbele yake na wa jirani. Hapa wanafunzi hugombana, kwa sababu wamo wenye baba mwenye hoteli na wenye baba mwenye ngalawa. Waache.

Vitabu husema vimbunga havifiki karibu na Ikweta. Huwa nadra kweli. Lakini mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Baada ya hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini zao fulani liko mahali fulani, wakati mwingine jibu ni udongo na mvua, na wakati mwingine ni siku moja mbaya ya zamani.

Kalenda nayo isiachwe. Wazee walikuwa nazo mbili: mwezi kwa ajili ya ibada na bahari, na jua kwa ajili ya shamba. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo huwezi kuupandia mtama. Masika ingekuwa inahamahama. Ndiyo maana pwani walihesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa hadi leo Makunduchi mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Kama babu wa mwanafunzi yeyote bado anazijua, huyo ndiye mgeni wako wa heshima. Mvua nayo pimeni: chupa ya maji iliyokatwa juu, kichwa chake kimegeuzwa kiwe faneli, kokoto chini, maji kidogo mpaka mstari wa sifuri ili kitako kisichonyooka kisiwadanganye. Hilo ni la skuli, la mwaka mzima, halitaki safari.

Watu

Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini. Nenda siku kadhaa kabla, wewe mwenyewe, si kwa simu. Mwambie mnakuja kusoma, wangapi, na mtaondoka na nini. Kisha gawa darasa vikundi vya watatu, kila kikundi kiwe na msichana, kwa sababu kazi nyingi za pwani ya mashariki wakati maji yamekupwa ziko mikononi mwa wanawake na hawatazungumza sawa na wavulana watatu wamesimama na kalamu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, na vijiji kama Paje na Jambiani vinajulikana kwa kazi hiyo. Mama anachomeka vijiti, anavuta kamba kati yake, anafunga vipande vya mwani kwa vikamba vidogo, na baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika, anauza mkavu. Angalieni saa zake: anaingia majini bahari ikitoka na kutoka bahari ikirudi. Saa ya ofisi yake imepangwa na mwezi. Siku za maji mafu hawezi kulifikia shamba. Mwani wenyewe ni wa aina mbili, na ule wa bei nzuri zaidi ndio usiostahimili joto la maji ya kina kifupi, kwa hiyo wengi wamebaki na wa bei ndogo. Kuuhamishia kwenye maji marefu kunataka chombo na kujua kuogelea. Swali la joto la bahari limekuwa swali la nani ana mashua.

Msiwasimamishe wakiwa majini. Saa zao ni chache. Wasaidieni kubeba mafurushi, maswali yatakuja penye kuanikia. Na swali la kwanza lisiwe la pesa. Mwanafunzi wangu mmoja alimwendea mama mmoja, akamwamkia vizuri, kisha akafungua daftari: "Kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Mama akamtizama, akasema, "Na mwalimu wako yule anapata ngapi?" Darasa zima lilisikia. Anzeni na kamba: una kamba ngapi, ulianza na ngapi, nani anakusaidia, siku zipi za mwezi huendi. Ukizijua kamba, pesa utazikadiria bila kumvunjia mtu heshima.

Wakati huo kundi la ramani linazunguka kijijini. Kila mchoraji apime hatua zake kwanza: ajihesabu ndani ya mita 100, mara tatu, achukue wastani. Kisha anatembea na dira na daftari. Amueni kipimio kabla ya kuanza. Sentimita 1 kwa mita 20 inatosha kijiji kidogo kwenye karatasi kubwa. Watie misikiti, visima, skuli, maduka, nyumba za wageni, njia za kwenda pwani zilizo wazi na zilizofungwa kwa ukuta, mahali pa kuanika mwani, na yale mashimo ufuoni yaliyozungushiwa mawe ambamo wanawake huzika makumbi yaoze, wapate usumba wa kusokota kamba. Watoto wa mjini watayapita wakidhani ni mawe tu.

Idadi ya watu ifanyeni mkirudi darasani. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wape namba hizo mbili tu. Ongezeko ni 586,204, karibu asilimia 45 kwa miaka 10. Watakaogawa kwa 10 watasema asilimia 4.5 kwa mwaka. Waoneshe kwa nini ni chini ya 4: kila mwaka hesabu inaanzia kwenye idadi iliyokwisha kukua. Kisha wafungue ramani yao ya kijiji wahesabu nyumba mpya, na warudi kwenye daftari la kisima.

Kuandika

Kila kikundi kipewe kurasa mbili, si zaidi. Ukurasa wa kwanza vipimo, na tarehe ya mwezi juu ya kila jedwali. Ukurasa wa pili maelezo, kwa sharti moja: kila "kwa sababu" iwe na namba au jina la mtu aliyesema. Swali la mtihani likija, "Eleza jinsi wakazi wa pwani wanavyotegemea mazingira yao," mwanafunzi aliyepima ataanza na saa 4 asubuhi na mwanamke mwenye kamba 60. Mwengine ataanza na "Wakazi wa pwani wanategemea mazingira yao kwa njia nyingi."

Nakala ya ramani irudi kijijini. Sisi huirudisha kwa sheha, imechorwa upya kwa wino, na nafasi ya kusahihisha pembeni. Mwaka jana tulipoipeleka, bibi wa ukili alikuwa barazani palepale. Akaiomba, akaiweka magotini, akaifuata njia kwa kidole mpaka kwenye msikiti. "Kisima mmekitia upande siyo," akasema. Tukabisha kidogo, tukaenda kutizama. Kisima tulichokichora kilikuwa kipya. Cha zamani, ambacho yeye alikuwa akikitafuta kwenye karatasi, kimefukiwa, na juu yake pamewekwa tangi la maji. Tukaazima kalamu nyekundu dukani, tukatia duara, na yeye akatutajia jina la kisima hicho.